Fungate ya Dawa

Juzi mmoja wenu kaja kwangu Mtongwe, kakaa kwenye kiti cha plastiki hapo barazani, kaniamkia shikamoo, kauliza hali, kaamkia tena. Nikajua. Kijana akiniamkia mara ya pili kabla hajanywa chai, basi ana jambo chini ya kiuno.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Linawasha au linachoma?"

Lo! Nusura aanguke na kiti. "Nana, umejuaje?"

"Nimekaa kazini na nyinyi muda mrefu. Haya, sema."

"Ah, ni yutiai tu."

Yutiai, maradhi ya njia ya mkojo! Vijana wa Likoni, Kisauni, Changamwe, wote siku hizi mna ugonjwa mmoja tu. Usaha unatoka, yutiai. Kidonda kimechomoza, yutiai. Wenzake wamemwambia anywe maji mengi, na mwenye duka la dawa amemuuzia vidonge viwili visivyo na pakiti, na anashangaa mbona haponi. Baba zenu nao walikuwa na lao. Wao waliita tego. Mtu akipata usaha anasema katupiwa tego na mume wa mtu, anakwenda kwa mganga kuteguliwa, anarudi na hirizi shingoni na usaha vilevile. Nawaambieni, kati ya tego na yutiai mimi nimecheka sana kazini.

Basi kwa kuwa mnakuja mmoja mmoja na kuniharibia usingizi wa mchana, nimeona niandike, msome wote kwa pamoja. Mimi naitwa Riziki. Nilikuwa nesi katika zahanati moja huku Likoni mpaka nilipostaafu, na chumba changu kilikuwa cha mwisho, nyuma ya kliniki ya waja wazito, mlango usio na kibao. Kibao kiliwahi kuwekwa, kimeandikwa "Magonjwa ya Zinaa", na siku kilipowekwa hakuingia hata nzi. Nani apite mbele ya mama mkwe wake akaingie mlango wa zinaa? Nikaking'oa mwenyewe. Watu wakawa wanasema "chumba cha Sista", na chumba kikajaa.

Aliyenifunza kazi alikuwa Sista Kavata, Mkamba mmoja mnene, mcheshi, Kiswahili chake cha bara lakini moyo wake wa pwani. Alinikuta mimi mtoto wa Kidigo, nimelelewa kwa haya, neno lenyewe silitamki. Siku zangu za mwanzo mgonjwa akiingia namwambia, "Nieleze, sehemu zako za siri zikoje?" Mzee mmoja wa Mtongwe, mvuvi, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "nikikueleza, itakuwa siri tena?" Akanyanyuka, akaaga vizuri, akaenda zake. Sista Kavata alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoka mbio kumfuata yule mzee, maana mzee alikuwa mgonjwa kweli.

Sista Kavata hakulipenda hilo neno zinaa. Alisema ukimwambia mke wa mtu ana ugonjwa wa zinaa, umeshamhukumu kabla hujampima, na pengine maskini hajatoka nje ya ua wake toka aolewe. "Sema maradhi ya wawili, Riziki. Hayaji kwa mmoja na hayaondoki kwa mmoja." Ukimtibu mmoja ukamwacha wa pili, mwezi haujaisha wanarudishiana. Ndiyo maana kila mgonjwa alikuwa anaambiwa kabla hajatoka: mlete mwenzako.

Sasa hilo neno "mwenzako" nalo lilinitia mashakani. Alikuja kijana wa Changamwe, mpakiaji wa mizigo, mwili kama kabati. Tukamdunga sindano, nikamwambia kwa upole wangu wote, "Kesho mlete mwenzako." Kesho yake kaja, wallahi, na mwanamume mwingine kama yeye, wote na maovaroli. Yule wa pili kashakunja mkono wa shati.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Mwenzangu, Sista. Tunabeba pamoja."

"Nimeambiwa tudungwe," akasema yule mwenzake, uso kaukaza. "Wengine wako kazini, watakuja zamu ikiisha."

Sista Kavata alilazimika kwenda chooni kucheka. Alivyorudi akaniambia, "Sema mtu unayelala naye. Sema hivyo hivyo." Kumbe hilo nalo lina shida huku kwetu, kuna vijana wa kupanga chumba wanalala wanne. Tangu hapo nikawa naeleza mpaka nione kichwa kimeitikia.

Haya, na nyinyi itikieni. Mkojo ukichoma, na usaha ukionekana kwenye nguo ya ndani asubuhi, mara nyingi hicho ni kisonono, au nduguye klamidia, na hupenda kutembea pamoja. Mwanamume huona upesi. Mwanamke, nisikilizeni mabinti, aghalabu haoni kitu! Yuko mzima, anacheka, anakula, na huku ugonjwa unapanda taratibu mpaka kwenye mirija ya uzazi. Kaswende ndiyo mjanja wao. Inaanza na kidonda kisichouma, na kwa kuwa hakiumi mtu hakijali, halafu kinakauka chenyewe na mtu anamshukuru Mungu. Hajapona, kaswende imeingia ndani. Baadaye huenda akatokwa na vipele mpaka viganjani na nyayoni, navyo vinapotea. Mama mjamzito akiwa nayo inamfikia mtoto tumboni, ndiyo maana mkija kliniki tunawatoa damu, si kwamba tunawashuku. Vimalengelenge vinavyouma na kupasuka, vikarudi tena mwili ukichoka, hivyo dawa haivimalizi lakini inavituliza, na mtu anaishi navyo na anaoa na anazaa. Majimaji yenye povu na harufu kali, njoo tuyatazame. Vijinyama vikiota huko chini, hayo masundosundo, njoo pia.

Tena msiwe watu wa kushuku kila kitu. Muwasho na ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda mara nyingi ni fangasi, hata bikira anapata. Binti mmoja wa Utange alikuja analia kamwacha mchumba wake kwa sababu ya fangasi. Nikampa dawa, nikamwambia akamrudie upesi kabla kijana wa watu hajapata mwingine.

Na jambo moja kwa wanaume wetu. Huku kwetu mwanamume haumwi, rafiki yake ndiye anayeumwa. Anaingia, anakaa kwa adabu, "Sista, kuna rafiki yangu..." Mimi nilikuwa namwacha amalize, halafu nasema, "Pole yake. Basi rafiki yako apande kitandani hapo, avue." Hajawahi kukataa rafiki hata mmoja.

Ndivyo alivyokuja Salim. Jina nimelibadilisha, na la mkewe pia, na wenyewe wamenipa ruhusa ya kuwasimulieni, tena mke ndiye aliyenisukuma. Salim ni fundi wa friji, anafanya kazi kwenye mahoteli ya Bamburi na anakaa jirani yangu hapa hapa Mtongwe. Nilimjua tangu anacheza mpira miguu mitupu. Aliingia siku ya Jumatatu, kanyoa ndevu vizuri, ananukia udi.

"Sista, kuna rafiki yangu anaoa Ijumaa."

"Mashallah! Na rafiki yako ana nini?"

"Akikojoa ni kama anakojoa pilipili. Na asubuhi kuna usaha."

Kadi ya harusi yake mwenyewe ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nikamtazama tu. Akatazama ukuta, akatazama viatu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nipande wapi, Sista?" Nikamwonyesha kitanda.

Kilikuwa kisonono, wazi kabisa. Alikuwa na msichana kabla posa haijakwenda, na waliachana, ila si mapema kama alivyowaambia watu. Nikampima na mengine, damu ikawa safi, nikamwambia tutarudia baadaye kwa sababu kuna maradhi hujificha mwanzoni. Yule msichana nikamwambia ampigie simu siku hiyo hiyo. Alikuja mwenyewe kesho yake, akatibiwa, akaniambia, "Mwambie ahsante kwa kuniambia, na asinipigie tena." Nilimpenda yule binti.

Salim nilimdunga, nikampa na vidonge vyake, nikamwambia, "Sasa, siku saba usimguse mwanamke. Hata kwa mpira. Acha dawa imalize kazi."

Akahesabu kwa vidole. Nikamwona anafika Ijumaa, vidole vinasimama.

"Sista! Fungate yangu!"

Watu wa Nairobi wakisema fungate wanafikiria hoteli na picha. Kwetu fungate ni siku saba za maharusi ndani, hawatoki, wanapikiwa, wanafukiziwa, na somo wa bibi harusi, yule mama aliyemfunda mambo ya ndoa, anakaa karibu na mlango anasubiri habari njema. Habari isipotoka, nyumba nzima inaanza kunong'ona.

"Fungate yako itabidi ianze na fungate ya dawa," nikamwambia. Neno lilinitoka tu, sikulitunga.

"Siwezi. Bi Zuhura ndiye somo wake, unamjua. Atakaa pale mlangoni. Watasema mimi si mwanamume."

"Wakisema hivyo una bahati. Wakisema yeye ndiye mwenye kasoro, je?"

Hapo akakunja vile vidole. Nikaona macho yamemjaa machozi. "Halima hana kosa lolote," akasema. "Nampenda, wallahi."

"Basi sikiliza. Ukimwingilia kabla dawa haijamaliza, unaweza kumpa, na yeye hatahisi kitu. Utapona wewe, yeye ataendelea nao. Miaka itapita mnatafuta mtoto, ataambiwa ana mchango, ule ugonjwa wa tumbo la uzazi, atanyweshwa mizizi, na nyinyi nyote hamtajua ni zawadi yako ya harusi. Na ukikaa kando bila kumwambia, atabeba aibu isiyo yake. Umebaki na njia moja tu. Mwambie."

"Mwambie wewe, Sista. Wewe unajua maneno."

"Mimi? Siri ya mgonjwa haitoki kwangu, hata kwa mama yangu mzazi. Mwenzako huyo, si mwenzangu."

Kuahirisha kulikuwa hakuwezekani, wageni wa Lamu walikuwa wameshapanda basi. Kumwona Halima hakuruhusiwi, mwari alikuwa ndani anasingwa manukato. Simu mwari alikuwa nayo, hilo siku hizi hamshindwi. Alhamisi nikakutana na Salim kivukoni, nikamuuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa. Bado.

Sasa wanangu, mmeshawahi kwenda harusini na mzigo wa mtu kifuani? Pilau lilinoga, wali ulichambuka, chakacha kikapigwa mpaka mabibi wa mikongojo wakasimama, na mimi mbele yao kiuno kinakwenda, lakini roho iko mkononi! Nilimtazama Halima pale jukwaani, hina mpaka kwenye viwiko, anameremeta, nikasema ya Rabbi, mpe huyu kijana ulimi.

Jumamosi asubuhi niliwahi nyumba ya harusi kusaidia mahamri. Wanawake walikuwa wamejaa uani, mmoja anakuna nazi ya mbaazi, mwingine anasukuma unga, lakini masikio yote yako kwenye mlango wa maharusi. Mlango ukafunguka, akatoka Bi Zuhura, mrefu, kanga mbili, uso hauna habari. Mwenye nazi akaacha kukuna.

"Mnangoja nini?" akauliza. "Maharusi wangu wana ada yao. Mimi ndiye somo, na mimi ndiye nitakayesema lini. Atakayeuliza kabla sijasema, nitajua hakufundwa na mamake."

Nani athubutu baada ya hapo? Wakarudi kwenye mbaazi. Bi Zuhura akaja moja kwa moja kwenye karai langu la mafuta, akachuchumaa karibu.

"Riziki. Fungate ya dawa ni kitu gani?"

Hamri lilinidondoka mafutani, yakanirukia mkononi. "Umelisikia wapi hilo, Bi Zuhura?"

"Kwa mwari wangu. Ati mumewe kaingia ndani, hajavua hata kanzu, kakaa chini sakafuni, kamwambia yote. Kamwambia na kwamba kuna mtu kamweleza ni fungate ya dawa."

"Na mwari kafanyaje?"

"Kanuna! Kamrushia mto, kamlaza chini kwenye mkeka. Ana haki. Asubuhi kaniita, macho yamevimba. Akasema, 'Somo, huyu angeweza kuninyamazia nami nisingejua kamwe. Lakini kasema. Nitafutie maneno ya kuwanyamazisha hao wa nje, na mimi nitaona la kumfanya.'" Akanikazia macho. "Sasa wewe nesi, nieleze."

"Mimi nakaanga mahamri, Bi Zuhura. Sijui kitu."

Akanitazama, akatazama mkono wangu ulioungua, akaanza kucheka ule mcheko wake wa ndani, mabega yanatikisika. Na mimi nikacheka, machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Nilifurahi kupita nilivyofurahi kwenye harusi yangu mwenyewe!

Bi Zuhura bado anafunda wari mpaka leo. Tangu harusi ile alianza kuniita niketi naye, yeye anaeleza yake na mimi naeleza yangu, mlango umefungwa, hakuna haya. Nimeyasema maneno mle ndani ambayo zahanati nzima isingeyavumilia, na wari wanacheka mpaka wanalia. Na yeye mwari wake haingii ndani mpaka bwana na bibi wapimwe kwanza. Familia ikilalamika anasema ni ada. Nani atabishana na somo juu ya ada?

Lakini nilitaka kuwamalizia ya Salim. Nilikuwa nimemwambia arudi fungate zote mbili zikiisha, ya dawa na ya harusi. Nikawa namngoja na wasiwasi wangu, maana kusema ni jambo moja na kusamehewa ni jingine. Mlango ukagongwa, akaingia mwanamke kwanza, buibui jipya, hina bado nyeusi mikononi, na Salim nyuma yake, ananitazama kwa jicho la mtu aliyelala kwenye mkeka wiki nzima.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Halima! Karibuni, karibuni." Furaha ilinizidi, nikamgeukia Salim. "Mwanangu, hongera. Umemleta mwenzako!"

Halima akavuta kiti cha mgonjwa, akakiweka mbele yangu, akamwonyesha mumewe aketi.

"Hakunileta, Sista," akasema. "Mimi ndiye niliyemleta. Mpime tena yote, nikiwa hapa hapa, na ukimaliza unipime na mimi. Tukitoka safi, jioni mwambie somo wangu awape hao wa nje habari yao." Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie. "Na yule rafiki yake aliyekuwa mgonjwa, amepona?"

Salim alishaketi. Alikuwa anakunja mkono wa shati.